Mwalimu wa Taipu na Mashine Aliyoiunda Mwenyewe

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Najua mna kompyuta mfukoni na mnaizungumzia kama mtu anavyozungumzia sufuria ya nyumbani kwao. Sina neno na hilo. Lakini nikisema kwamba nilimwona mwanamke wa makamo akiunda kompyuta ya mezani kwa mikono yake, katika nyumba ya kupanga hapa Ruiru, wakati wengi wetu hatukuwa tumeigusa hata kwa kidole, msiniambie ati Cucu, nyanya yenu, anaota. Mimi nilifika darasa la tatu. Sina masomo ya kuota vitu kama hivyo.

Jina lake sitaliandika. Hata alipokuwa hai hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mwalimu, na mtu akitaka kumtofautisha na walimu wa watoto alisema Mwalimu wa Taipu. Alizaliwa na nani na lini, hayo waulizeni watu wake wa Majengo, Thika. Mimi nitaandika niliyoyaona na niliyoyasikia.

Kuyasikia ndiko kulikotangulia. Niliuza chai na mandazi chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa, karibu na stendi ya Thika, na chumba chake cha kufundishia kilikuwa juu ya kichwa changu. Asubuhi nzima taipu zilininyeshea kama mvua kwenye mabati. Msichana mpya akiingia nilijua, kwa sababu mvua ilikuwa ya matone: ta, halafu kimya, halafu ta. Msichana aliyekaribia kumaliza alikuwa mvua moja isiyokatika, na kila mwisho wa mstari ile kengele ndogo ya mashine ililia ting, kisha kishindo cha kurudisha mkono wa mashine, kisha mvua tena. Nilikaanga mandazi kwa mwendo huo. Siku za likizo mandazi yangu yaliungua.

Jioni tulirudi sote wawili Ruiru. Nyumba zetu zilitenganishwa na ua wa miiba ya kaiyaba tu, kwa hiyo hata nyumbani sikupumzika naye.

Alikuwa mwanamke mfupi, mtandio mweupe kila siku, viatu vyeusi vilivyong'arishwa hata wakati wa matope. Kucha zake alizikata mpaka kwenye nyama. Za wasichana alizikagua mlangoni kama askari anayekagua mifuko, na aliyekuja na kucha ndefu aliambiwa, "Rudi nyumbani ukachambue mboga nazo." Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, na msichana alishuka zile ngazi akilia kana kwamba amechapwa.

Kufundisha kwake kulikuwa hivi. Kila msichana alifungwa kitambaa shingoni, kikateremka mpaka kikafunika mikono pamoja na vibonye vya mashine. Hakuna kuona. Unapiga gizani. Aliyeinua kitambaa achungulie alipata rula ya vidole.

"Macho ni ya kusoma barua ya bosi," alikuwa akisema. "Vidole vina kazi yao na macho yana yao. Msichanganye."

Na mashine nazo alizifunika. Kila moja ilikuwa na joho lake la kitambaa kizito alilolishona mwenyewe, lenye pindo jekundu, kwa sababu vumbi la Thika lina ukaidi, na vumbi la Theta, nilikokuwa na kishamba changu, ni jekundu na linafuata upepo mpaka mjini. Sheria ilikuwa moja: ukiondoka kwenye mashine, hata kama ni kwenda chooni, unaifunika. Niliwahi kumwona akimrudisha msichana kutoka kituo cha magari, mvua ikinyesha, aje afunike taipu yake. Msichana alifunika. Mwalimu akamwambia asante, nenda salama.

Ijumaa baada ya swala alizitia mafuta ya cherehani. Hiyo kazi aliifanya peke yake, mlango umefungwa. Alizifungua zote, akazipangusa mifupa, akazifunga. Wasichana hawakuruhusiwa hata kubadilisha utepe wa wino. Njeri, binti yangu, ambaye alisoma hapo alipomaliza kidato cha nne, aliniambia kwamba utepe ukiisha wanainua mkono na kungoja. Siku moja nikamuuliza Mwalimu sababu.

"Mtu akijua ndani ya mashine ataacha kuiogopa," akasema. "Na akiacha kuiogopa ataiharibu."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mwenyewe."

Hilo lilikuwa jibu lake kwa mambo mengi.

Msinielewe vibaya, mcheshi pia alikuwa. Chai yangu hakuipenda na aliinywa kila siku. Alishika kikombe, akatazama ndani, akasema, "Mama Njeri, hii chai umeionyesha majani tu, hayakuingia." Nikamwambia, na wewe hiyo kelele yako umewaonyesha watu wote wa Thika. Mwezi wa Ramadhani alikuja kukaa pale pale kibandani kwangu, saa za kukaanga, funga iko mdomoni. Nikamwambia, wewe mama, ondoka hapa, utaniletea dhambi. "Kaanga, kaanga," akasema. "Ninamwonyesha shetani kwamba sina habari naye." Akakaa mpaka mandazi yakaisha kukaangwa.

Tena alikuwa mtu wa kusimama na watu kwa njia yake. Tulipomzika mzee wangu alikuja mpaka mlangoni mwa kanisa letu, akabaki nje juani muda wote wa ibada, mkono mmoja juu ya mwingine. Nilipotoka hakuniambia pole. Aliniambia, "Mhubiri wenu anarudia maneno." Nilicheka kwenye mazishi ya mume wangu, na shemeji zangu hawajanisamehe.

Sasa nije kwa kompyuta.

Katikati ya ile miaka ya tisini, mtu mmoja wa tai alifungua koleji ng'ambo ya barabara, tukitazamana naye. Tutamwita Mwenye Koleji. Aliweka bango lenye picha ya kompyuta, kubwa kama mlango wa gereji. Hakuwa mtu mbaya. Alinunua chai kwangu, na hakulalamikia majani. Lakini wasichana walianza kuvuka. Kwanza mmoja, akasema anahamia kwa shangazi Githurai 45, na kesho yake tukamwona anaingia ng'ambo. Kisha wengine wakaacha hata kudanganya.

"Mwalimu, siku hizi ni kompyuta," mmoja alimwambia pale pale kwenye ngazi, nami nikisikia. "Ofisini watakuuliza, unajua kompyuta? Utasema nini? Unajua ting?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu akamtazama.

"Funika mashine yako kabla ya kwenda," akamwambia.

Mvua juu ya kichwa changu ikapungua mpaka ikawa manyunyu. Mwenye jengo akapanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakulizoea kwa sababu ya tumbo lake, akamwambia wazi: Januari ikifunguliwa na darasa halijajaa, chumba kitakwenda kwa yule wa ng'ambo, ambaye ameshakiomba. Mwalimu alikuwa na kile chumba na taipu zile, basi. Hakuwa na mtoto, mume alikuwa amekufa zamani. Alitelemka akaagiza chai, akainywa yote bila kuitukana. Hapo nikajua mambo ni mabaya.

Siku iliyofuata akavuka barabara. Nilimwona, nikamwachia mtu kibanda nikamfuata, kwa sababu nilitaka kuona. Mwenye Koleji alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuonyesha kompyuta iliyotoka kwenye boksi, mpya.

"Chukua hii, Mwalimu. Wewe ni kama mzazi, nitakupunguzia."

Mwalimu akaizunguka. Nyuma ya lile kasha lake la chuma, juu ya skrubu, kulikuwa na stika ndogo ya kung'aa. Akaigusa kwa kidole.

"Hii ni ya nini?"

"Hiyo ni waranti. Ukiitoa ufungue, ikiharibika hatutakusaidia."

"Kwa hiyo nikinunua nisifungue."

"Kwani unataka kufungua ya nini, Mwalimu? Ndani hakuna kitu cha mama kuona."

Akaokota mkoba wake. "Kitu nikikinunua nikaambiwa nisikifungue, hicho nimekodi," akasema. "Asante kwa kiti."

Nje nikamwambia amefanya ujinga. Nikamwambia tena mpaka tukafika kibandani. Akasema ataiunda yake mwenyewe, kipande kwa kipande, aijue kama anavyozijua taipu zake, na Januari iwe mezani. Nikamuuliza kama akili iko sawa. Akasema akili iko, kilichobaki ni vipande.

Kipande cha kwanza alichonunua kilikuwa kibodi. Mtu mwingine yeyote angeanza na kasha, au skrini. Yeye alikwenda Nairobi kwenye duka la Mhindi mmoja, nami nilikuwa naye kwa sababu nilikwenda kununua vikombe, akaomba kuletewa kibodi zote. Akapiga kila moja, macho ameyafumba, watu wakimtazama. Hii, akasema, ni laini kama ugali wa mgonjwa. Hii inakwama kwenye herufi ya pembeni. Yule Mhindi akachoka.

"Mama, kompyuta yako ni aina gani? Nikupe inayoingia."

"Sina kompyuta."

"Huna?"

"Bado. Lete ile nyingine ya juu."

Kasha alilipata Juja, chuo kilipokuwa kikiuza vitu vyake vya zamani. Lilikuwa na kutu pembeni, akalisugua kwa mchanga na ndimu. Kifaa cha kugawa stima, yaani umeme, lile boksi zito lenye feni na mkia wa nyaya za rangi, alikipata kwa fundi wa Githurai 45. Skrini ilitoka kwa ofisi iliyofungwa pale Thika. Ule ubao mkubwa wa kijani, ambao kila kitu kingine hudungwa juu yake, aliurudia kwa yule Mhindi, pamoja na kile kijiwe kidogo kinachofikiri na vile vibao vyembamba vya kumbukumbu. Aliupakata ubao huo toka Nairobi mpaka Ruiru umefungwa kwa leso, na mama mmoja kwenye gari akamuuliza mtoto ana miezi mingapi.

Maelezo aliyapata kwenye kitabu cha mitumba, cha Kiingereza, chenye michoro. Alikisoma jioni baada ya swala, akitembeza kidole. Mimi nilikuwa napita uani nasikia anagombana nacho.

Siku ya kuunda ilikuwa Jumapili, Desemba, mchana, mimi natoka kanisani. Aliniita juu ya ua. Alikuwa ametandika leso mezani na kupanga kila kitu kwa mstari. Viatu amevua, amevaa ndara za mpira. Kila mara kabla ya kugusa kitu alikwenda kushika chuma cha dirisha, kwa sababu kitabu kilisema mwili wa mtu unabeba stima ndogo inayoweza kuua ubao. Mimi nilikuwa wa kushika kasha lisiteleze.

"Shika tu," akasema. "Usiguse kitu."

"Nitashika aje bila kugusa?"

"Mama Njeri."

Nikashika. Alifanya kazi polepole, midomo ikitembea. Alipomaliza akasema Bismillahi, akabonyeza. Feni ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi. Halafu mashine ikalia. Sauti ya juu, fupi, ikanyamaza, ikalia tena.

Uso wake ukafunguka. Sijawahi kumwona hivyo.

"Umesikia? Ina kengele! Mstari umefika mwisho." Akabonyeza kile kibonye cha kurudi mwanzo wa mstari. Ikalia. Akabonyeza tena. Ikalia. "Iko sawa kabisa."

Nikatazama ile skrini nyeusi.

"Mstari gani umefika mwisho," nikamuuliza, "na hakuna kitu umeandika?"

Akabonyeza tena. Alikuwa amekaa na kengele za taipu maisha yake yote, na kengele kwake ilikuwa habari njema. Aliiacha ilie mpaka majirani wakaja kuuliza kama ni mtoto wa ndege. Kisha akazima, akachukua kitabu, na baada ya muda mrefu akainua kichwa.

"Inalia kwa sababu haina kumbukumbu," akasema. "Vile vibao havijaingia vizuri. Inalia shida, na mimi naifurahia."

Akafungua tena. Akavisukuma vile vibao mpaka vikalia tap, kila kimoja. Akadunga stima, akaingiza flopi, kile kibao bapa cha programu alichopewa dukani, akabonyeza. Mara hii ilipiga mlio mmoja mfupi ikanyamaza, na maandishi meupe yakapanda kwenye skrini kama sisimizi. Yeye akasema Alhamdulillahi. Mimi nikasema Ngai. Tukakaa, tukitazama, hakuna aliyejua aiulize nini.

Mwishowe akaweka vidole kwenye vibonye, akafumba macho kwa mazoea, akaandika lile zoezi la siku ya kwanza la wasichana wake, herufi za mkono wa kushoto, ei es di ef. Mashine ikajibu kwa Kiingereza kwamba hiyo ni amri mbaya.

"Haiya! Inanijibu!" akasema, amekasirika kweli. "Taipu miaka yote haijawahi kunijibu."

Basi Januari ilikuja. Alitangaza kwa mdomo, nami nikatangaza kibandani kwa kila aliyekunywa chai, na siku ya kufungua wasichana walipanda zile ngazi pamoja na mama zao mpaka ikawa lazima wengine wasimame mlangoni. Hata Mwenye Koleji alivuka kuja kuona. Mashine ilikuwa katikati, juu ya meza ya Mwalimu, taipu zimeizunguka. Akaiwasha. Akaandika barua nzima bila kuangalia vibonye, akafuta neno moja katikati, nalo likafutika bila doa. Mama mmoja wa kutoka Theta akasema, wee, hakuna kusugua na wembe? Wasichana wakaanza kujipanga kuandikisha majina. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na birika, nikamwona mwenye jengo akihesabu vichwa na kuinamisha chake kukubali. Chumba kilikuwa kimeokoka.

Ikafika adhuhuri. Mwalimu akaomba radhi aende kuswali chumba cha nyuma, watu wanywe chai. Na kabla ya kuondoka akafanya alichofanya kila siku ya maisha yake: akachukua joho zito alilolishona Krismasi nzima, lenye pindo jekundu, akaifunika mashine. Kasha, skrini, vyote, mpaka mezani. Hakuizima, kwa sababu taipu haizimwi.

Ilikuwa Januari ya Thika, mnaijua. Mabati yanapasuka. Mashine ikakaa ndani ya lile joho muda wa swala na chai. Aliporudi akalivua, na harufu ikatoka kabla ya kitu kingine. Skrini ilikuwa imekufa. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Feni yenyewe haikuzunguka.

Hakuna aliyecheka, nataka mjue hivyo. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mama wa Theta alishika mkono wa binti yake. Mwenye Koleji akasogea, akaweka kiganja juu ya kasha, akakiondoa haraka.

"Mwalimu, hii kitu inapumua," akasema kwa upole. "Umeiziba pua."

"Na taipu zangu," Mwalimu akamuuliza, "zilikuwa zinapumulia wapi?"

Mwenye Koleji akarudi nyuma. Watu wakateremka ngazi taratibu, na niliwaona wakisimama barabarani, wakitazama kulia na kushoto, wakivuka. Njeri alikuwa kati yao. Mimi ndiye niliyemvusha. Sikuomba ruhusa kwa Mwalimu na sikuomba msamaha; msichana alihitaji cheti, na cheti kilikuwa ng'ambo. Mwalimu alilijua hilo na hakunitajia hata siku moja. Kesho yake alikunywa chai yangu akasema ina maji.

Mwisho wa mwezi ule pikapu ilikuja kumhamisha kutoka kile chumba. Taipu nyingi zilibaki kwa mtu wa vyuma vikuukuu. Mashine aliipakata.

Huko Ruiru aliifufua. Sijui alikwenda kwa nani na nani, lakini kifaa cha stima kilikuwa kimeungua na kile kijiwe pia, akabadilisha vyote viwili. Joho alilikata, akatengeneza vishikio vya sufuria, kimoja kiko kwangu. Akaanza kufundisha sebuleni kwake, wasichana waliokuwa na watoto mgongoni, mama wa duka, karani mmoja wa kanisa letu. Walikuja kwa zamu kwa sababu mashine ilikuwa moja. Alifundisha vizuri. Wote walipiga bila kuangalia. Na wote, mashine ikigoma, waliinua mkono na kungoja, naye akawatoa nje, akafunga mlango, akaifungua peke yake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikataa kununua kitu kilichofungwa, na chake akakifunga. Mimi niliona hilo zamani, lakini si kazi yangu kumwambia mtu mzima.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa mwishoni mwa ile miaka. Sukari ilikuwa imemla. Mikono ilitetemeka, na dada yake wa Majengo alikuwa anakuja kumchukua akaishi naye, kwenye chumba kimoja na wajukuu. Aliniita juu ya ua kama siku zote. Nilifikiri anataka nimfungie mizigo.

Mizigo ilikuwa tayari mlangoni. Mezani kulikuwa na leso, na juu ya leso kompyuta yote ikiwa vipande. Kasha tupu, ubao, nyaya, skrubu ndani ya kisosa.

"Imeharibika tena?" nikamuuliza.

"Haijaharibika. Ichukue uende nayo kwako."

"Nitaichukua aje hivi? Ifunge kwanza."

"Ifunge wewe."

Nikacheka. Hakucheka.

"Mwalimu, mimi niko na darasa la tatu."

"Vua viatu. Shika dirisha."

Sijui kwa nini nilivua. Labda kwa sababu sauti yake ilikuwa ile ile ya mlangoni. Nikashika chuma cha dirisha. Akakaa kwenye kiti, mikono ameificha chini ya mtandio isitetemeke mbele yangu, akaanza kuniambia. Ubao kwanza, uketi juu ya vifundo vyake, usilalie chuma. Skrubu usikaze kama unafunga gurudumu. Hapo kwenye stima pana midomo miwili inayofanana, na ukiikosea ubao unakufa papo hapo: nyaya nyeusi za huu na nyeusi za ule zikutane katikati.

"Nyeusi kwa nyeusi, Mama Njeri. Umeziona?"

"Nimeona."

"Usiniambie umeona. Zishike."

Nikazishika. Jasho lilinitoka kuliko siku ya kuvuna viazi. Nilikosea mkanda mmoja wa nyaya, nikauweka kichwa chini, akaniacha mpaka nikaliona kosa mwenyewe. Mara moja alitoa mkono kunionyesha, ukaruka ovyo kama kuku aliyekatwa kichwa, akaurudisha ndani. Mimi nikatazama skrubu.

"Wote niliowafundisha," akasema, na hakuwa anazungumza na mimi hasa, "hakuna hata mmoja niliyemwacha aifungue. Niliogopa wataiharibu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiharibu, mbele ya watu, na nikaitengeneza. Wao sikuwapa hata hiyo nafasi ya kuharibu. Sasa naenda Majengo, na Ruiru nzima hakuna anayejua ndani yake kuna nini."

"Mimi najua," nikasema.

"Wewe unajua tangu saa ile umevua viatu. Bonyeza."

Nikasema maneno yangu ya kanisani, nikabonyeza. Ilipiga mlio mmoja, ikawaka. Mwalimu aliitazama kidogo tu. Alinitazama zaidi mimi, kama mtu anayekagua kucha.

"Zima," akasema. "Kwako kuna watu wangapi wenye mikono?"

Nikamwambia Njeri amerudi na watoto, na kuna wale wa marehemu mwanangu, na mke wake.

"Basi usiwapelekee kompyuta," akasema. "Wapelekee kazi."

Dada yake akafika na gari. Hatukuagana kwa maneno mengi. Aliniambia nipunguze maji kwenye chai.

Nyumbani nilipofika na lile kasha walinipokea kwa vigelegele. Wajukuu walikuwa wanasukumana nani abonyeze kwanza, na Njeri, ambaye alikuwa na cheti chake ukutani ndani ya fremu, akawa ameshavuta kiti aketi mbele ya kibodi. Nikawaambia wapishe. Nikatandika leso kwenye meza ya kulia, nikachukua bisibisi, nikaifungua mbele yao, kipande baada ya kipande, mpaka kukawa hakuna kompyuta, ni vyuma tu vimelala. Wakaacha kelele. Njeri akasema, mama, umeiharibu.

Nikaenda jikoni nikaondoa birika motoni, nikarudi nikasimama mlangoni.

"Vueni viatu, nyote, hata wewe mwenye cheti," nikawaambia. "Hakuna chai kwa nyumba hii mpaka hiyo kitu iwake."